Maswali Ambayo Muuza Bastola Hatakuuliza

Mtu anayetaka kumiliki bastola nchini Tanzania huanzia kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, mbele ya mwenyekiti ambaye pengine anajua hata ugomvi wake wa mpaka na jirani. Kutoka hapo maombi hupanda ngazi: polisi wa wilaya, kamati za ulinzi na usalama, mkoa, hadi kwa msajili wa silaha. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka awe ametimiza miaka 25 na athibitishe kwamba anajua kuitumia silaha na kuitunza. Kenya nayo ina bodi ya kutoa leseni, na mwombaji lazima aeleze sababu ya kutaka silaha na aonyeshe kwamba hana rekodi ya uhalifu. Tusidanganyane: njiani humo kuna kujuana, kuna bahasha, na kuna mafaili yanayolala kabatini miezi mingi. Hata hivyo, katika mlolongo huo wote kuna swali moja linalorudiwa na watu tofauti: huyu anaitaka silaha ya nini, na anaaminika kukaa nayo nyumba moja na watu wengine?

Mchukue mtu huyohuyo, umpe grini kadi na anwani ya Columbus, Dallas au Phoenix. Jumamosi asubuhi anaingia kwenye duka la silaha lililo kando ya barabara kuu. Anaelekeza kidole kwenye kabati la kioo, anatolewa bastola, anaipima uzito mkononi. Anajaza fomu ya serikali ya shirikisho inayojulikana kwa namba yake, 4473: jina, uraia, namba ya ukaazi, kisha maswali ya ndiyo na hapana. Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa? Ipo amri ya mahakama inayokukataza kumtishia mwenza wako? Muuzaji anapeleka taarifa hizo kwenye mfumo wa FBI ulioanza kazi Novemba 1998, na kwa wengi jibu hurudi ndani ya dakika chache. Likichelewa, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha baada ya siku tatu za kazi bila kulisubiri tena. Yapo majimbo yanayotaka kibali kwanza au siku kadhaa za kungoja, California na Illinois yakiwa miongoni mwao. Katika majimbo mengi, hata hivyo, mtu huyu atakula chakula cha mchana nyumbani kwake bastola ikiwa imeshaingia ndani. Hakuna aliyemuuliza anaitaka ya nini. Hakuna aliyemuuliza mkewe.

Makala haya yanamlenga msomaji wa Kiswahili aliyehamia Marekani, anayeruhusiwa na sheria kununua silaha na anayefikiria kufanya hivyo. Hoja yake ni kwamba maswali ya yule mwenyekiti wa mtaa hayakufutwa ulipopanda ndege. Yamebaki bila mwenye kuyauliza, kwa hiyo kazi ya kuyauliza imekuwa yako. Anayenunua bastola Marekani bila kujihoji kwa ukali ambao kamati ya wilaya ingemhoji anajipa leseni ambayo huenda kule nyumbani asingepewa.

Kwanza tuelewane kuhusu haki yenyewe, maana huko ndiko mjadala wa Marekani unakoanzia na mara nyingi unakokwama. Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ni sentensi moja inayotaja wanamgambo na haki ya watu ya kumiliki na kubeba silaha, na kwa muda mrefu wanasheria walivutana kama haki hiyo ni ya vikosi vya majimbo au ya kila raia. Mwaka 2008, katika kesi iliyotoka Washington, majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba ni haki ya mtu binafsi, ikiwamo kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Mwaka 2010 uamuzi huo ukaenezwa kwa majimbo na miji, kupitia kesi ya Chicago. Juni 2022 mahakama hiyo ikaibatilisha sheria ya New York, yenye umri wa zaidi ya miaka 100, iliyomtaka mwombaji wa kibali cha kubeba bastola hadharani aonyeshe sababu maalumu. Hapo ndipo tofauti na kwetu inapokuwa kubwa kabisa: swali ambalo afisa wa Tanzania au Kenya ana wajibu wa kuliuliza, afisa wa New York haruhusiwi tena kulifanya kigezo. Na katika zaidi ya nusu ya majimbo, mtu mzima asiyekatazwa na sheria anaweza kuficha bastola kiunoni na kwenda nayo sokoni bila kibali chochote.

Hii haina maana kwamba serikali imefungwa mikono. Juni 2024 mahakama hiyohiyo, majaji wanane dhidi ya mmoja, ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa sababu ya kumtishia mwenza wake anaweza kunyang'anywa silaha. Lakini tazama haki hiyo inaelekezwa kwa nani. Inawazuia mbunge na mkuu wa polisi wasikunyime. Haisemi chochote kuhusu kama nyumba yako, yenye vijana wawili, mgeni aliyefika mwezi uliopita na mume anayefanya kazi zamu ya usiku, ni mahali pa kuweka bastola. Walimu wazuri wa shabaha, wengi wao watetezi wakubwa wa haki ya silaha, watakuambia vivyo hivyo.

Basi ujihoji. Swali la kwanza linahusu hatari: bastola hii ikija kumpiga mtu, atakuwa nani? Mawazo ya mnunuzi humwendea mwizi anayevunja mlango saa nane za usiku. Takwimu zinaenda kwingine. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na takriban 27,300 kati yao walijiua. Waliouawa na watu wengine walikuwa karibu 18,000. Watafiti wa California waliofuatilia watu wazima milioni 26 walichapisha mwaka 2020 matokeo haya: wanaume wenye bastola walijiua kwa silaha ya moto karibu mara nane zaidi ya wanaume wasio nazo, na wanawake wenye bastola mara 35 zaidi ya wenzao. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa pili, uliowaangalia watu wazima zaidi ya milioni 17 ambao wenyewe hawakuwa na silaha, ukilinganisha wanaoishi na mwenye bastola na wasioishi naye. Waliokuwa wakiishi naye waliuawa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Hatari ya kupigwa risasi na kuuawa na mwenza ilikuwa mara saba, na waliokufa kwa namna hiyo, asilimia 84 walikuwa wanawake. Watu hawa hawakununua kitu chochote. Walikuwa wakiishi tu na aliyenunua.

Suala la kujiua linahitaji kusemwa wazi kwa sababu kwetu halisemwi. Msibani utaambiwa marehemu aliugua ghafla. Wanaowatibu wenye mawazo ya kujiua wanajua kwamba kwa wengi wimbi la mawazo hayo huja na kupita, na aliyeokolewa mara nyingi harudii kujaribu. Tofauti iko kwenye kinachopatikana wimbi linapofika. Wengi wanaomeza vidonge huwahiwa hospitali. Wanaotumia bunduki, karibu tisa katika kila kumi hufa. Sasa fikiria jamii zetu huko ughaibuni: mwalimu wa sekondari kutoka Uvira anayekata nyama kiwandani, kijana aliyeona mambo akiwa na miaka sita na hajayasimulia kwa mtu, mama asiye na wa kuongea naye lugha yake tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Kabla ya kununua, kaa chini uwapitie wote wanaolala chini ya paa lako, ukianza na wewe mwenyewe. Kama kuna mmoja ambaye usingizi umempotea, anayekunywa kupita kiasi, au ambaye mmeshawahi kuvuana mashati mkigombana, jibu la kamati limeshapatikana. Na namba 988, ambayo tangu Julai 2022 inapigwa bure popote Marekani kwa mtu aliyezidiwa na mawazo ya kujiua, iandikwe mahali inapoonekana, silaha iwepo au isiwepo. Anayepiga anaweza kuomba mkalimani.

Mtetezi wa silaha atapinga takwimu hizi, na ana la kusema. Atasema wanaonunua bastola ni wale ambao tayari wana sababu ya kuogopa. Hatari ndiyo iliyoileta bastola, wala bastola haikuileta hatari. Ni pingamizi la haki, ila utafiti ule wa pili, nao wa California, ulilinganisha watu wa mitaa ileile, na haukuona dalili kwamba wanaoishi na mwenye bastola wanauawa kwa uchache zaidi na watu wasiowajua. Kinga iliyotarajiwa haikuonekana. Iliyoonekana ni hatari ya mwenza. Atasema tena kwamba Wamarekani hutumia silaha kujilinda mara milioni mbili na nusu kwa mwaka. Idadi hiyo maarufu ilitokana na mahojiano ya simu ya miaka ya 1990 na watu wapatao 5,000, kisha majibu ya wachache yakazidishwa kwa taifa zima, ambapo kosa dogo hugeuka kuwa mamia ya maelfu. Takwimu za serikali zinazotokana na waathirika wenyewe wa uhalifu zinatoa makumi ya maelfu tu kwa mwaka, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliona kwamba mwathirika alijilinda kwa bunduki katika chini ya asilimia moja ya matukio. Mimi naona hesabu ya pili inaaminika zaidi, lakini hata anayeshikilia ya kwanza bado hajajibu habari ya yule mwenza.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwenye vitabu. Usiku wa Agosti 13, 2004, kwenye kambi ya Gatumba nchini Burundi, wakimbizi Wakongomani zaidi ya 150 waliuawa kwa risasi na kwa moto, na wengi walionusurika wanaishi Marekani leo. Mtu aliyetoka huko, au aliyekimbia kijiji cha Kivu akaishia kambi ya Nyarugusu nchini Tanzania, anaweza kusema: tuliuawa kwa sababu wao walikuwa na bunduki na sisi hatukuwa nazo, usije hapa kunifundisha habari ya vibali. Hoja hii haijibiwi kwa asilimia. Wanaohubiri kwamba raia asiye na silaha yuko salama daima mikononi mwa dola hawajasoma historia ya Maziwa Makuu, na nisingependa makala haya yahesabiwe miongoni mwao. Lakini kilichokosekana Gatumba kilikuwa ulinzi: kambi ya jeshi ilikuwa karibu, na askari hawakuja kuwaokoa. Washambuliaji walikuwa kundi lililojipanga, lenye silaha za vita, na bastola ya baba mmoja ndani ya hema isingewarudisha nyuma. Mashariki mwa Kongo bunduki zimejaa, makundi yenye silaha yanazidi 100, na wingi huo haujawapa wanakijiji usingizi. Woga wa aliyepitia hayo ni halali yake. Ninachomwomba ni kwamba siku ya kwenda dukani, woga huo usiwe ndio uliomshika mkono, kwa sababu unamwandaa kwa adui wa Gatumba, na nyumbani kwake Columbus watakaokuwa karibu na hiyo bastola ni wanawe.

Kuna pia suala la rangi. Wamarekani weusi wana historia ndefu ya kujilinda kwa silaha pale polisi walipokataa kuwalinda. Kundi la Deacons for Defense lilianzishwa Louisiana mwaka 1964 kwa kazi hiyo hasa. Kwa hiyo anayesema silaha ni mambo ya wazungu wa vijijini hajui nchi aliyohamia. Lakini haki moja haimkingi kila mtu sawasawa. Julai 2016, jimboni Minnesota, mfanyakazi mweusi wa jikoni shuleni, mwenye kibali halali, alisimamishwa na polisi barabarani, akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, na sekunde chache baadaye alipigwa risasi akafa. Mwaka uliofuata askari huyo aliachiwa na mahakama. Ukiamua kubeba, ujue kwamba kila utakaposimamishwa na trafiki utakuwa unategemea utulivu wa moyo wa mtu usiyemjua. Weka mikono yote miwili juu ya usukani, sema kwanza, na usiinue mkono kufuata kitu chochote mpaka uambiwe.

Sasa tufike kwenye sheria, kwani hapa mhamiaji hupoteza mengi kuliko mzawa kwa kosa lilelile. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua silaha, na vivyo hivyo mkimbizi aliyepokewa rasmi. Aliyeko nchini kwa visa ya muda, iwe ya masomo, ya utalii au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika na kuimiliki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na hadhi ya kisheria haruhusiwi kabisa. Ambaye kesi yake ya kuomba hifadhi bado haijaamuliwa asijikisie. Amuulize wakili wa uhamiaji kwanza, maana jibu hutegemea alivyoingia na hadhi aliyonayo leo. Na kila jibu kwenye fomu ya 4473 ni tamko la kisheria. Kudanganya humo ni kosa la jinai la shirikisho, hata kama muuzaji mwenyewe alikuambia weka tiki tu twende.

Jambo linaloweza kuwanasa watu wetu wema kuliko wengine ni kusaidiana. Kijana mwenye visa ya masomo anamwomba binamu yake mwenye grini kadi amnunulie. Mjomba anatoa pesa, mpwa anaingia dukani. Fomu inauliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mtu wa Virginia, aliyewahi kuwa askari polisi, aliyemnunulia bastola mjomba wake wa Pennsylvania kwa pesa za mjomba huyo. Wote wawili waliruhusiwa na sheria kumiliki silaha, na bado mpwa alipatikana na hatia kwa sababu alijiandika kuwa mnunuzi halisi. Tangu sheria mpya ya 2022, kumnunulia mtu ambaye sheria inamkataza kunaweza kumgharimu mnunuzi kifungo cha hadi miaka 15. Zawadi ya kweli, kwa pesa yako mwenyewe na kwa mtu anayeruhusiwa, ni jambo jingine, ingawa nako majimbo yana masharti yao. Ndugu akikuomba umsaidie kwa hili, mkatalie bila kumung'unya maneno, hata kama ndiye aliyekupokea uwanja wa ndege.

Mtego wa pili ni ugomvi wa nyumbani. Jirani akisikia kelele atapiga simu, polisi watakuja, na mume ambaye hajui mfumo atashauriwa akiri kosa dogo ili yaishe. Tangu mwaka 1996, hatia ya kosa la ukatili wa nyumbani, hata likiwa dogo kiasi cha mtu kutolala jela, inamwondolea haki ya kumiliki silaha yoyote. Bastola iliyobaki kabatini siku inayofuata inakuwa kosa jipya. Na kwa asiye raia, hatia ya kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria ni sababu inayojitosheleza ya kufukuzwa nchini, hata awe ameishi huko miaka 20 na watoto wote wamezaliwa huko. Usikiri kosa lolote linalogusa silaha au ugomvi wa nyumbani kabla wakili wako wa jinai hajakueleza athari zake kwa uhamiaji. Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2010 kwamba kukueleza hayo ni wajibu wake.

Madereva wa malori, ambao ni wengi katika jamii zetu, wana shida yao ya pekee. Kibali cha Texas hakitambuliwi New York wala New Jersey, na jimbo ambalo jana lilikuruhusu kuweka bastola pembeni mwa kiti linapakana na jingine ambako kitendo hichohicho ni kifungo cha lazima. Sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda anayepita tu, ikiwa silaha haina risasi ndani, imefungwa, na dereva hawezi kuifikia, naye anatoka na kwenda mahali anaporuhusiwa kuwa nayo. Bastola ya namna hiyo haimsaidii dereva aliyelala kwenye maegesho usiku, na kampuni nyingi zinakataza silaha kwenye magari yao bila kujali jimbo linasema nini. Kwa maoni yangu, dereva anayevuka majimbo manane kwa wiki na ambaye hajapata uraia ana sababu zote za kuiacha nyumbani, au kutokuwa nayo kabisa. Na kwa wanaotuma mapipa na makontena Mombasa au Dar es Salaam: usithubutu kuficha humo bastola wala hata risasi za mabaki. Ni kosa kule inakotoka na kosa kule inakofika, na jina kwenye hati ya mzigo ni lako.

Baada ya hayo yote, wapo watakaonunua, na baadhi yao watakuwa na sababu nzuri: mwenye duka la usiku aliyeshavamiwa, mfugaji wa Montana, mwanamke anayewindwa na mtu aliyemwacha. Kwao kamati ya wilaya inabaki na swali la mwisho, la utunzaji. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri silaha ikae bila risasi ndani, ikiwa imefungwa kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Juu ya kabati, chini ya godoro, ndani ya sanduku la nguo, hapo si mahali. Mtoto wa miaka saba anajua vitu vyote vilivyofichwa chumbani kwa wazazi, kama ambavyo sote tulijua. Kufuli ya waya ambayo muuzaji analazimika kukupa pamoja na bastola ni mwanzo tu, na vituo vingi vya polisi hutoa nyingine bure. Kasha la chuma linalofunguka kwa namba au alama ya kidole lina bei ndogo kuliko bastola nyingi, na hesabu ya kununua silaha bila kasha ni hesabu isiyokamilika. Namba ya siri asiijue kijana wa nyumba, hata akiwa mtulivu na mwenye alama nzuri darasani. Jimboni Michigan, mwaka 2024, baba na mama wa mvulana wa miaka 15 aliyewaua wanafunzi wenzake wanne walitiwa hatiani kila mmoja kwa kuua bila kukusudia, kwa sababu walimpatia bastola na hawakumzuia asiifikie. Walihukumiwa kati ya miaka 10 na 15 gerezani.

Hata asiyenunua hajamaliza kazi, kwa sababu anaishi kati ya watu walionunua. Mwanao akialikwa kulala kwa rafiki, muulize mzazi mwenzako kama kuna silaha ndani na kama imefungiwa. Kwetu swali hilo lingeonekana la kukosa adabu. Huko ni la kawaida kama kuuliza habari ya mbwa au karanga, na mwenye silaha aliye makini hatachukia. Wafundishe vijana pia kwamba desturi ya kuingia uani kwa mtu huku ukiita hodi haifai huko. Oktoba 1992, mjini Baton Rouge, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16 aliyekuwa akitafuta nyumba yenye sherehe aligonga mlango usio wenyewe, akapigwa risasi na mwenye nyumba akafa. Baraza la mahakama lilimwachia mpigaji. Aprili 2023, mjini Kansas City, kijana mweusi wa umri huohuo alitumwa kuwachukua wadogo zake, akakosea mtaa mmoja kwa mwingine wenye jina linalofanana, akabonyeza kengele, akapigwa risasi kichwani, lakini akanusurika. Kijana anayepeleka chakula kwa gari, au anayekwenda kumchukua mwenzake, athibitishe anwani, apige simu akiwa bado ndani ya gari, na asizunguke nyuma ya nyumba kwa sababu yoyote.

Na kama bastola tayari iko ndani na umefika hapa ukiwa na mashaka nayo, huhitaji kungoja mpaka upate uamuzi wa kudumu. Maduka kadhaa ya silaha na baadhi ya vituo vya polisi hukubali kuitunza kwa muda, hasa nyumba inapopita kipindi kigumu cha talaka, msiba au ugonjwa wa mawazo. Ukitaka kuachana nayo kabisa, iuze kupitia duka lenye leseni ya shirikisho ili mnunuzi achunguzwe na jina lako litoke kwa maandishi. Kumuuzia mtu uliyekutana naye mtandaoni kunaweza kuwa halali katika jimbo lako na bado kukakufuata miaka mitano baadaye. Unaweza pia kuisalimisha polisi. Katika hali hiyo piga kwanza namba yao isiyo ya dharura, eleza unachotaka kufanya, na waambie waje kuichukua au wakuelekeze namna ya kuileta. Usiingie kituoni nayo mkononi.